Ile Moja Inatoka Wapi

Nitawaambia jambo ambalo walimu wa rika langu hawakulisema mbele ya watu: tuliingia darasani tukiwaogopa watoto. Si kwamba wangetupiga. Tuliogopa kwamba wangeuliza.

Ninyi mnaoanza kazi sasa mna vitabu vya mwalimu vyenye picha za rangi, na mkikwama mnachungulia kwenye simu. Mimi nilianza katikati ya miaka ya sitini nikiwa na chaki, ubao uliopasuka katikati, na cheti cha kumaliza shule ya msingi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Vihiga, nimekuja Nairobi kwa dada yangu kutafuta kazi ya kupiga taipu katika ofisi za mjini. Nilizunguka mjini wiki nzima, ngazi nikapanda, ngazi nikashuka, na kila mlango wakaniambia nafasi hakuna. Kisha shemeji yangu akasikia kwamba huko Waithaka kuna shule inayotafuta mwalimu wa darasa la tatu, hata kama hakusomea ualimu. Nilipata kazi siku hiyo hiyo niliyokwenda kuuliza. Hilo peke yake lingenitia wasiwasi kama ningekuwa na akili.

Mwalimu mkuu, nitamwita Bwana Kamiri, alikuwa mtu mrefu mwenye suti moja ya kijivu aliyoivaa Jumatatu hadi Ijumaa. Hakupaza sauti. Ungekuwa unafundisha, halafu ubaridi unakuingia mgongoni, ukigeuka unamkuta amesimama dirishani, na hujui amesimama hapo tangu lini. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ndani ya ua wa shule hakuna lugha ya nyumbani, ni Kiingereza na Kiswahili tu. Mtoto aliyeteleza akasema neno la Kikuyu alivalishwa kibao shingoni mpaka jioni. Mwalimu aliyeteleza aliitwa ofisini. Sheria ya pili, mtoto akikosa hesabu, kiboko kimoja kwa kila hesabu aliyokosa.

Darasa langu lilikuwa na watoto hamsini na watatu, na muhula huo mtaala ulitaka tujumlishe namba za tarakimu mbili zinazovuka kumi. Naandika thelathini na nane, chini yake ishirini na saba, napiga mstari. Nawaambia, "Nane na saba?" Wanaitikia, "Kumi na tano." Nawaambia, "Andika tano, beba moja." Na wao wote kwa sauti, "Beba moja." Ilikuwa inapendeza kusikia. Wageni waliopita njiani wangesema shule hii inafundisha.

Sasa nikiri. Mimi nilijua kujumlisha. Ungenipa namba ndefu kama treni ningekupa jibu. Lakini kwa nini unabeba moja, na unaibeba kutoka wapi kwenda wapi, sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia, na sikuwahi kuuliza, kwa sababu kwetu mtoto wa kuuliza alionekana mjeuri.

Siku moja akauliza Nyokabi. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, mdogo wa mwili, anakaa dawati la pili karibu na dirisha, hasemi sana. Akainua mkono nikadhani anataka kwenda msalani.

"Mwalimu, hiyo moja imetoka wapi?"

"Imetoka kwa kumi na tano."

"Kumi na tano iko na moja?"

Nikatazama ubao. Kumi na tano, kwa kweli, ilikuwa na moja pale mbele. Nikafurahi. "Ndiyo. Hii hapa, unaiona?"

Akaitazama muda mrefu. "Lakini hiyo ni kumi," akasema. "Si moja."

Mnaweza kucheka, ninyi mliosoma chuo. Mtoto huyo alikuwa amesimama mlangoni pa somo lenyewe, amebisha hodi, na mimi nilikuwa ndani nimeshikilia komeo. Na pale dirishani kulikuwa na kivuli cha kijivu.

"Keti chini," nikamwambia. "Fanya vile nimefanya."

Kesho yake niliwapa hesabu tano. Nyokabi akaandika thelathini na nane kujumlisha ishirini na saba ni mia tano na kumi na tano. Tatu na mbili ni tano. Nane na saba ni kumi na tano. Akazipanga 5 na 15 kando kwa kando, 515. Hesabu zote tano alizifanya hivyo, kwa mwandiko safi kabisa. Leo nikiona kosa hilo kwenye daftari la mtoto najua mara moja anachofikiria. Wakati huo niliona tu alama tano nyekundu, na Bwana Kamiri alikuwa amesimama nyuma ya darasa mikono nyuma.

Nilimpiga viboko vitano mkononi. Nilikuwa nimewahi kupiga watoto kabla ya hapo, kila mwalimu alipiga, na sitaki kujifanya malaika. Lakini nilipofika cha tatu nilijua napiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na nilijua sababu. Hakuwa amenikosea katika hesabu. Alikuwa ameniuliza. Hakulia. Alirudi kwenye dawati akaikalia ile mikono.

Ijumaa hiyo tuliitwa ofisini, tukaambiwa mkaguzi wa shule atakuja wiki ijayo, siku ya Alhamisi. Mimi sikuwa na cheti cha ualimu. Mkaguzi angeweza kuandika mstari mmoja tu na mimi nirudi kulala kwenye sakafu ya dada yangu.

Jumatatu dawati la pili lilikuwa na nafasi. Jumanne pia. Nitawaambia nilichohisi, kwa sababu nimekuja hapa kusema kweli: nilihisi nafuu. Alhamisi ilikuwa inakaribia, na mtoto wa kuuliza hakuwepo.

Jumatano wakati wa mapumziko alikuja mama mmoja, kitambaa kichwani, miguu imejaa tope mpaka magotini, ameshika chupa ya uji. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

"Mwalimu, mimi ni mama Nyokabi. Amesahau uji yake nyumbani. Mpelekee tafadhali."

Nikamtazama. "Mama, Nyokabi hajakuja shule tangu Jumatatu."

Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "Mwalimu, hata leo asubuhi mimi ndiye nimemfunga vifungo vya sweta."

Tulisimama pale tukitazamana. Sijui nani kati yetu alielewa kwanza.

Nilikimbilia darasani nikawauliza watoto, kwa Kiswahili, nani amemwona Nyokabi njiani. Hamsini na wawili, kimya kabisa. Waliangalia meza. Nikauliza tena kwa ukali, wakazidi kuinamisha vichwa. Ndipo akaja Mama Rahabu, mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima wa huko Mutuini, ambaye sisi vijana tulimdharau kidogo kwa sababu alikuwa hajawahi kufundisha zaidi ya darasa la kwanza. Alinisogeza kando kwa bega. Akachuchumaa kati ya madawati, akauliza swali lile lile polepole, kwa Kikuyu, ndani ya darasa. Watoto watatu walijibu kwa pamoja.

"Wanasema anaendanga kule timbo," akaniambia.

Timbo ni machimbo ya mawe ya kujengea. Yalikuwepo mengi upande ule, na lile lililokuwa karibu na shule lilikuwa limeachwa nusu, upande mmoja wachonga mawe bado wanafanya kazi, upande wa pili maji ya mvua yamejaa na hakuna aliyejua kina chake. Kila mwaka wazazi waliwaonya watoto wasikaribie.

Bwana Kamiri alitukuta getini. Nikadhani atanirudisha. Alisikiliza, akavua saa yake ya mkononi akaitia mfukoni bila sababu yoyote, akasema, "Nendeni." Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipouona uso wake ukiwa na kitu ndani.

Tulikwenda watatu, mama mtu mbele, mimi na Mama Rahabu nyuma, tukiteleza. Mama Nyokabi hakuwa akiita jina la mtoto. Mimi nilitamani aite. Tulipofika ukingoni tuliona daftari. Lilikuwa limelala kwenye nyasi, limelowa, wino wa buluu umetiririka. Nililitambua kwa alama zangu nyekundu.

Chini yake kulikuwa na maji. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mvua inayachoma-choma. Njia nyembamba iliyokuwa ikiteremka ukutani ilikuwa imekatika. Udongo mbichi ulikuwa umeporomokea majini asubuhi hiyo hiyo, ungeweza kuona ulipomeguka. Mama Nyokabi aliketi chini kwenye tope, taratibu, kama mtu anayeketi kanisani. Mimi niliyatazama yale maji na nikawaza jambo moja tu, tena na tena, kwamba ni mimi. Nimefanya kazi miaka mingi, nimezika wazazi wangu, nimezika mume. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa dakika zile.

Mama Rahabu ndiye aliyeita. Aliita kwa Kikuyu, sauti ya kawaida, kama anayemwita mtoto aje ale. Akanyamaza. Akaita tena.

Kutoka chini ya miguu yetu ikajibu sauti ndogo.

Kulikuwa na jukwaa la jiwe hapo chini, mahali walipokata mawe zamani wakaacha kama kibaraza, na sisi tulikuwa tumesimama juu ya paa lake. Alikuwa huko ndani. Njia ya kupandia ilikuwa imeondoka na ule udongo. Mama Rahabu akanishika mkono akanirudisha nyuma hatua tano, na ndipo nilipoelewa kwamba uzito wetu ungeweza kumwangushia ukingo wote. Nikakimbia kuzunguka timbo hadi upande wa pili, ambako wachonga mawe walikuwa wamejikinga mvua chini ya mabati. Mmoja wao, mtu wa kwetu kwa namna alivyozungumza, hakuniuliza swali. Alichukua kamba yao ya kuvutia mawe, tukarudi mbio, akaifunga kwenye mkaratusi, akashuka.

Ilichukua muda. Mara mbili tulisikia udongo ukianguka majini, na kila mara mama Nyokabi alifumba macho. Hatimaye kikatokea kichwa cha yule bwana, na shingoni mwake mikono miwili myembamba imekaza.

"Huyu mtoto hataki kuacha mawe yake," akasema akihema. "Amepanga mawe huko chini kama duka."

Nyokabi aliwekwa mapajani mwa mama yake. Alikuwa akitetemeka, midomo imekuwa ya kijivu, lakini hakutazama mtu yeyote ila Mama Rahabu. Akasema kitu kirefu kwa Kikuyu. Mama Rahabu alisikiliza mpaka mwisho kisha akanigeukia.

"Anasema amehesabu mawe thelathini na nane, akaongeza mengine ishirini na saba. Amehesabu siku tatu. Mawe yanasema ni sitini na tano. Lakini akiandika inakuwa mia tano na kumi na tano. Anauliza nani anadanganya, mawe ama mwalimu."

Mama Nyokabi alisimama, akambeba mgongoni mtoto mkubwa hivyo, akanipita. Alipofika hatua chache mbele akasema bila kugeuka, "Mwalimu, mtoto wangu harudi kwako."

Mchana huo, watoto walipokwenda nyumbani, nilikwenda darasa la kwanza. Mama Rahabu alikuwa anafagia. Nilikaa kwenye kile kidawati kidogo, magoti yakinifika kidevuni, nikamwambia, "Sijui."

"Hujui nini?"

"Ile moja inatoka wapi."

Hakunicheka, wala hakuonyesha kushangaa. Aliegemeza ufagio ukutani, akatoa kwenye kona gunia la vijiti vya mti wa muwati, vimekatwa sawasawa kama vidole, na nyuzi za mgomba mkavu. Akanihesabia thelathini na nane. "Funga kumi kumi," akasema. Nikafunga mafungu matatu, vikabaki vinane. Kisha ishirini na saba: mafungu mawili, vikabaki saba.

"Sasa weka pamoja. Anza na vile vimelegea."

Nane na saba. Kumi na tano mikononi mwangu.

"Unaweza kufunga ngapi?"

Nikahesabu kumi, nikazungusha uzi, nikakaza fundo. Vikabaki vitano. Nikalitazama lile fungu nililolifunga. Lilikuwa fungu moja. Lilikuwa vijiti kumi. Nikaliweka kwa wenzake watatu na wawili, wakawa sita, na nikaanza kulia kama mtoto, kwa sababu kila kitu alichosema Nyokabi kilikuwa kweli. Ile moja ni kumi. Ni moja tu kwa sababu imefungwa.

Mama Rahabu aliniacha nilie. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisoma katika kitabu chochote. "Ninyi mnawaambia ishirini. Ishirini ni nini? Mtoto hawezi kuiona. Thelathini ni nini? Ni kelele. Lakini kwa Kikuyu tunasema mĩrongo ĩĩrĩ, makumi mawili. Mĩrongo ĩtatũ, makumi matatu. Fungu liko ndani ya neno. Kwenu je?"

Nikawaza. Kwetu pia, kwa lugha ya mama yangu, tunasema makumi mawili, makumi matatu. Nilikuwa nimejua hivyo tangu kunyonya na sikuwahi kulisikia lile fungu ndani yake.

Niwape sasa hivi mambo machache ya kazi kabla sijasahau. Fungu afunge mtoto mwenyewe. Ukiwapa mafungu uliyofunga wewe nyumbani, kwao ni kitu kipya tu, hawajui kuna kumi ndani. Kwenye kutoa, mwache afungue kwa mkono wake. Akishafungua mara tatu hatakuuliza tena ile moja ya kukopa inatoka wapi. Usitumie mahindi. Nilijaribu mwaka mmoja, nikawapa punje mia mia kwenye makopo, na kufikia Ijumaa hakuna kopo lililokuwa na zaidi ya themanini, wengine wamezichoma wakala. Na miaka ya sabini nilipohamishiwa Kilimani, tukaletewa hesabu mpya, seti na miduara, wazazi wakawa wanashuka kwenye magari yao na tai zao wakiniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kuwaeleza kazi ya nyumbani ya mtoto wa darasa la pili. Waliogopa vile vile. Niliwapa vijiti. Karani mmoja wa benki alifunga mafungu kwenye dawati langu saa nzima, amevua koti.

Narudi Waithaka. Alhamisi ilikuja kesho yake. Nilikuwa nimekata vijiti jioni nzima mpaka kidole kikatoka lengelenge, na asubuhi niliwagawia watoto, nikawaambia wafunge. Nilikuwa nimejifunza Kikuyu kidogo cha sokoni. Nikafunga mlango, nikawaambia kwa sauti ndogo, "Mĩrongo ĩtatũ na inyanya." Inyanya ni nane; mimi mwanzoni nilikuwa nikidhani wananiuzia nyanya. Walinitazama kwa woga. Mmoja akatazama kibao kilichoning'inia kwenye msumari. Nikakiteremsha nikakiweka ndani ya kabati. Wakaanza kufunga, na kukawa na mnong'ono darasani ambao sikuwahi kuusikia, wa watu wanaofanya kazi wanayoielewa.

Tulikuwa katika hali hiyo mlango ulipofunguliwa. Mkaguzi alikuwa mwanamume kijana, tai nyembamba, faili kubwa. Nyuma yake Bwana Kamiri. Mkaguzi alipita kati ya madawati, akasimama kwa mtoto mmoja aliyeitwa Mwangi, akaweka kidole kwenye daftari.

"Kwa nini umeandika moja hapa juu?"

Swali lile lile. Mwangi akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa anajua. Nilimwona anajua. Kumi ya Kiswahili kwake ilikuwa kelele ya kuitikia tu, na alikuwa na neno la Kikuyu asiloruhusiwa. Macho yake yalikwenda kwenye ule msumari mtupu, kisha kwangu. Ningeweza kusema, "Beba moja, Mwangi," na darasa lote lingeitikia, na mambo yangekwisha.

"Mjibu kwa lugha yako," nikasema.

Bwana Kamiri alikohoa. Mwangi akaokota fungu la vijiti, akamwinulia mkaguzi. "Ni ikũmi," akasema. Ni kumi.

Mkaguzi alilichukua, akalipindua, akahesabu vijiti kwa ncha ya kalamu. "Mwalimu, nani amekuruhusu kutumia lugha hiyo?"

"Hakuna, Bwana."

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaenda darasa la nne bila kuniaga.

Bwana Kamiri aliniita baadaye. Alikuwa na kikombe cha chai mbele yake, hajakigusa. "Miaka saba," akasema, "sijapata barua mbaya hata moja. Miaka saba, Mwalimu Dorika." Nilimtazama nikaona kwamba yeye alikuwa akiogopa kunizidi, na kwamba pengine wale wote waliokuja kumkagua yeye walikuwa wakiogopa mtu mwingine. Barua ilikuja majuma matatu baadaye. Nilipewa onyo juu ya lugha. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja kwamba watoto wa darasa hili wanajua wanachofanya, na mwalimu apelekwe chuo. Nilienda mwaka uliofuata. Kibao hakikutoka kabatini.

Lakini kabla ya barua, Jumamosi ya juma lile lile, nilikwenda peke yangu nyumbani kwa akina Nyokabi, huko Mutuini. Mama Nyokabi alikuwa anakatia ng'ombe majani. Hakuacha kukata.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwomba Nyokabi msamaha."

Panga likasimama. "Mwalimu anaomba mtoto msamaha?"

"Aliniuliza kitu nisichokijua. Nikampiga."

Alinitazama mpaka nikataka kuondoka. "Basi mwambie yeye," akasema. "Usiniambie mimi."

Nyokabi alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Niliona ukingo wa gauni. Nikakaa kwenye nyasi mbali na mlango, nikamwaga vijiti, nikamwambia kile nilichomwambia mama yake. Hakutoka. Nikaanza kufunga peke yangu, polepole, thelathini na nane, ishirini na saba, nikaacha vile kumi na tano vimelegea na uzi kando yake. Baada ya muda alitoka, akachuchumaa upande wa pili, mbali kiasi kwamba alilazimika kunyoosha mkono. Akahesabu kumi, akafunga. Akalisogeza fungu lake kwa wenzake.

"Mawe hayakudanganya," akasema.

"Hapana."

"Na wewe?"

"Mimi sikujua."

Akafikiri. Akafungua lile fungu, akalifunga tena.

Jumatatu alikuwa kwenye dawati la pili, sweta imefungwa vifungo vyote. Nilitoa hesabu tano. Nilipita nikisahihisha, na nilipofika kwake nikaona zote tano ni sahihi, na ile moja ameiandika juu ya makumi, ndogo na nyoofu. Nikainua mkono wenye kalamu nyekundu nimwekee alama ya vema. Akafumba macho, akakunja mabega, akaficha viganja vyake chini ya mapaja.

Nilisimama na mkono hewani. Darasa lote lilikuwa linaendelea kufunga na kufungua. Niliteremsha mkono taratibu, nikaiweka kalamu juu ya daftari lake, nikarudi nyuma mpaka nikaugusa ukuta.

"Weka wewe," nikamwambia.

Alifungua jicho moja, kisha la pili. Ilimchukua muda kuitoa mikono. Aliweka vema ya kwanza akanitazama kama nimesogea. Sikuwa nimesogea. Akaweka ya pili.